Dawa ya Miti kwa Uvimbe na Maumivu: Namna ya Kuipima, Kutoka Pori la Katavi hadi Maabara

Dawa ya miti ya kutuliza uvimbe na maumivu ya viungo hupimwa kwa hatua nne: mti hutambuliwa, namna ya kuuandaa huandikwa, usalama huchunguzwa, na mwisho ndipo nguvu ya dawa huangaliwa. Wengi mjini Mpanda, mkoani Katavi, na vijiji vya jirani huanzia mwisho. Unga uliofungwa kwenye gazeti hupelekwa kwenye maabara ya hospitali, mwenye nao akiuliza kama "inafanya kazi", kisha anashangaa kuambiwa kwamba swali hilo halijibiwi hapo. Maabara ya hospitali hupima damu, mkojo na makohozi ya mgonjwa, wala haina vifaa vya kupimia magome.

Majibu ya maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na waganga, na wajasiriamali wa dawa za asili, na familia zenye mzee wa magoti, yamepangwa hapa kwa kufuata hatua hizo.

## Uvimbe upi?

Si kila kinachovimba kinahusika. Uvimbe unaolengwa hapa ni ule wa mwili kujihami: mahali panakuwa pekundu, pana joto, panavimba, panauma, na kiungo kinagoma kufanya kazi. Goti lenye baridi yabisi, kidole gumba cha mguu chenye jongo, kifundo kilichoteguka, vyote vimo. Miguu inayovimba kwa sababu moyo au figo zimechoka haimo, wala matende, wala uvimbe mgumu usiouma unaokua polepole. Mganga anayesema dawa yake "inatibu uvimbe" aulizwe kwanza upi, kwa sababu kipimo cha maabara kitachaguliwa kutokana na jibu lake.

## Hatua ya kwanza: mti upi?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na wenye kuharibikiwa hawajui hadi mwisho.

Katavi ni mkoa wa miombo, na ni mkoa wa lugha nyingi. Wapimbwe, Wakonongo, Wabende na Wafipa wana majina yao ya miti. Wasukuma waliohamia na mifugo wamekuja na ya kwao. Jina moja hubeba miti miwili, na mti mmoja hubeba majina matano. Jina la kienyeji liandikwe pamoja na lugha yake na kijiji lilikosikika, lakini lisitegemewe peke yake.

Gharama ya kukosea mti inajulikana. Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza habari za wanawake walioharibikiwa figo baada ya kutumia vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Mmea uliokusudiwa ulikuwa *Stephania tetrandra*. Ulioingia kwenye vidonge ulikuwa *Aristolochia fangchi*, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la ule wa kwanza. Walioathirika walizidi 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Waliouza hawakuwa na nia mbaya. Mizizi mikavu iliyokatwakatwa hufanana.

Sampuli ya utambuzi huandaliwa hivi:

- Likatwe tawi dogo lenye majani pamoja na maua au matunda. Majani peke yake mara nyingi hayatoshi.
- Lilazwe ndani ya magazeti, likandamizwe kwa mbao na kamba, na magazeti yabadilishwe kila siku hadi tawi likauke.
- Ziandikwe tarehe, kijiji, aina ya udongo, urefu wa mti, rangi ya ua lilipokuwa bichi, na rangi ya gome kwa ndani.
- Gome au mzizi wa dawa uchukuliwe kwenye mti huohuo, na upewe namba ileile ya tawi.

Sampuli hupelekwa kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa, mathalani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyoko Arusha. Huko hupewa namba ya kudumu, na namba hiyo ndiyo huandikwa kwenye kila ripoti itakayofuata.

Katavi ina tatizo lake. Magome na mizizi huchimbwa zaidi kiangazi, wakati njia zinapitika, na ndipo miti mingi ya miombo inapokuwa imepukutisha majani. Mti ulio uchi hautambuliki kwa uhakika. Uwekwe alama, kisha urudiwe majani na maua yanapotoka. Mingi huchipua kuelekea mwanzo wa mvua. Kusubiri miezi miwili ni nafuu kuliko kupima mti usiojulikana.

Vibali navyo visipuuzwe. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi hakuchimbwi dawa bila ruhusa ya hifadhi. Kwenye misitu ya Serikali Kuu wa kuulizwa ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kwenye msitu wa kijiji ni serikali ya kijiji.

## Hatua ya pili: dawa inaandaliwaje?

Kinachopimwa ni kile mgonjwa anachokunywa au kupakwa. Sentensi hiyo ingeheshimiwa, nusu ya ripoti za maabara zinazokaa makabatini zingekuwa na kazi.

Kosa lililozoeleka ni hili: mganga huchemsha gome kwa maji, mtafiti akalikamua kwa methanoli au kwa heksani kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Vimumunyisho hivyo hutoa kemikali ambazo maji hayatoi, na huacha zile ambazo maji hutoa. Matokeo yakiwa mazuri, hayaihusu dawa ya mganga. Yakiwa mabaya, pia hayaihusu. Kukamua kwa methanoli kuna nafasi yake katika kutafuta kemikali mpya, lakini kipimo cha kwanza kiwe cha maji yaleyale ya kwenye sufuria.

Mambo ya kuandika ni haya:

1. Sehemu ya mti, mbichi au kavu.
2. Uzito kwa gramu. Kiganja na kijiko vipimwe kwenye mizani mara kadhaa, kisha ichukuliwe wastani.
3. Kiasi cha maji, muda wa kuchemsha, na kama hulowekwa usiku kucha.
4. Kipimo cha kunywa, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi.
5. Kila kinachochanganywa, pamoja na asali, chumvi, magadi au mti wa pili. Asali ya Inyonga ina sifa yake, lakini ikiingia kwenye dawa nayo ipimwe peke yake.
6. Nani hapewi. Waganga wazoefu huwa na orodha hiyo kichwani, na mara nyingi ndiyo taarifa ya usalama iliyo bora kuliko zote.

Kukausha hufanyika kivulini, juu ya kichanja safi chenye hewa. Kuvu huota kwenye magunia yaliyofungwa mapema, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Haifai kukaushia kwenye mabani ya tumbaku wala kufungia kwenye viroba vilivyobeba mbolea au viuatilifu, hata vikioshwa.

## Hatua ya tatu: usalama

Wapo watakaosema babu na bibi waliitumia bila madhara, kwa hiyo kuipima ni dharau. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Matumizi ya miaka mingi huonyesha sumu inayoua haraka, kwa sababu kila mtu huiona. Hayaonyeshi sumu inayoharibu ini au figo kwa miaka mitatu, kwa sababu hakuna anayeunganisha kifo cha leo na kikombe cha mwaka juzi. Tena babu alikunywa siku tatu alipoteguka. Mjukuu hununua kopo na kulitumia mwaka mzima, akichanganya na vidonge vya presha.

### Uchafu na vilivyoongezwa

Vipimo hivi ni rahisi kuliko vingine na huokoa fedha. Kwanza vijidudu: *Salmonella* isiwepo kabisa. Pili metali nzito. Kwa malighafi ya mitishamba, Shirika la Afya Duniani limependekeza madini ya risasi yasizidi miligramu 10 kwa kilo, na kadimi isizidi miligramu 0.3. Kwa Mpanda hili si jambo la vitabuni tu. Eneo la Mukwamba lilichimbwa risasi na kampuni ya Uruwira Minerals enzi za Waingereza, na tawi la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa sababu ya madini hayo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani nao hutumia zebaki. Mzizi hunyonya kilichomo ardhini, hivyo dawa isichimbwe karibu na mashimo, vifusi vya zamani, au mito inayooshewa mchanga wa dhahabu.

Tatu, dawa za hospitali zilizofichwa ndani ya unga. Wauzaji wasio waaminifu, katika nchi nyingi, huongeza diklofenaki, au steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, ili mteja apate nafuu papo hapo. Dalili za kutilia shaka ni nafuu ya haraka mno, hamu kubwa ya kula, uso kuvimba kama mwezi baada ya wiki kadhaa, na maumivu kurudi kwa kishindo dawa ikiachwa. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali na maabara ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) zina mitambo ya kutambua vitu hivyo. Mgonjwa aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla bila daktari, maana mwili huwa umezoea steroidi ya nje na umepunguza kutengeneza ya kwake.

### Sumu ya mti wenyewe

Kipimo cha bei nafuu hutumia uduvi wa maji chumvi: mayai huanguliwa kwenye maji yenye chumvi, watoto huwekwa kwenye viwango tofauti vya dawa, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Ni chujio tu. Dawa inayoua uduvi kwa kiwango kidogo inahitaji tahadhari, na isiyowaua haijathibitishwa kuwa salama kwa mtu.

Kinachofuata ni panya wa maabara, chini ya kibali cha maadili. Mwongozo namba 423 wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) hutumia wanyama watatu kwa kila hatua, kwa viwango vya miligramu 5, 50, 300 au 2000 kwa kilo ya uzito wa mwili, na wanyama huangaliwa siku 14. Ripoti ikisema "hakuna aliyekufa kwa 2000", maana yake ni kwamba dozi moja haikuua. Dawa inayonywewa kila siku inahitaji kipimo cha siku 28 au 90, ambapo damu, ini na figo hukaguliwa. Wengi huishia kwenye siku 14 na kuandika "salama" kwenye lebo, jambo ambalo kipimo hicho hakiruhusu.

Mfano unaoonyesha kwa nini hatua hii haipitwi ni *Securidaca longepedunculata*, mti mdogo wa miombo wenye maua ya zambarau. Mzizi wake ukikwanguliwa hutoa harufu kali ya dawa ya kuchua, kwa sababu una methili salisileti, kemikali ileile iliyomo kwenye marhamu nyingi za misuli za dukani. Kwa hiyo madai ya kutuliza maumivu yana msingi. Lakini mzizi huohuo umo kwenye vitabu vya mimea yenye sumu, na kuunywa kumeua watu. Nguvu na hatari zimo kwenye gome moja, na njia ya matumizi na kiasi ndivyo vinavyoamua.

## Hatua ya nne: nguvu ya dawa

### Vipimo vya chupani

Cha bei nafuu ni kuangalia kama dawa inazuia ute wa yai kuganda ukipashwa moto. Wanafunzi hukipenda kwa kuwa hakihitaji mnyama, ila ushahidi wake ni dhaifu. Magome ya miombo yamejaa tanini, na tanini hushikana na protini yoyote, iwe ya yai au ya ngozi ya ng'ombe kiwandani. Karibu kila gome la Katavi litafaulu.

Kilicho bora hutumia seli za kinga zinazochokozwa kwa kemikali ya bakteria, kisha hupimwa kama dawa inapunguza oksidi ya nitriki au prostaglandini zinazotolewa. Lazima kiambatane na kipimo cha uhai wa seli. Bila hicho, dawa iliyoziua seli zote itaonekana imetuliza uvimbe kwa asilimia 100.

### Kipimo cha unyayo wa panya

Hiki kimetumika tangu 1962. Panya hupewa dawa, na baada ya muda kama wa saa moja unyayo wake hudungwa mililita 0.1 ya karajini. Karajini hutolewa kwenye mwani mwekundu, jamii pana ya mwani unaolimwa Zanzibar na kusafirishwa nje. Unyayo huvimba, na ukubwa wake hupimwa kila saa hadi saa ya nne au ya sita. Makundi yasiyokosekana ni waliopewa maji tu, waliopewa dawa ambayo nguvu yake inajulikana tayari, kama vile indomethasini, na angalau makundi matatu ya dawa inayochunguzwa kwa viwango tofauti.

Msomaji wa ripoti aangalie mambo haya:

- Je, kiwango kikipanda nguvu nayo inapanda? Isipopanda, kuna shaka.
- Je, ilifanya kazi saa ya kwanza tu, au pia saa ya tatu na kuendelea? Prostaglandini, ambazo ndizo diklofenaki na jamaa zake huzizuia, huhusika zaidi na awamu ya baadaye.
- Je, aliyepima unyayo alijua kundi gani limepewa nini? Heri asijue.
- Je, kiwango kinawezekana kwa mtu?

Hilo la mwisho linahitaji hesabu, na ni hesabu fupi. Kiwango cha panya kwa kilo hugawanywa kwa 6.2 kupata makadirio ya mtu. Miligramu 200 kwa kilo za kiini kikavu zinakuwa karibu 32, na kwa mtu wa kilo 60 ni kama gramu 1.9. Ikiwa gramu 10 za unga hutoa gramu 1 ya kiini, mgonjwa atahitaji gramu 19 za unga. Hiyo ni bilauri ya kuchukiza lakini inanyweka. Ripoti inayojivunia miligramu 800 kwa kilo inadai gramu 77 za unga, na hakuna mgonjwa wa Mpanda atakayeumaliza.

Miti ya ukanda huu haianzi sifuri. Mkalya, *Zanha africana*, ambao unga wa gome la mzizi wake humfanya mtu apige chafya mfululizo, ulichunguzwa na watafiti wa Hispania. Mwaka 1997 waliripoti saponini mbili zinazozuia fosfolipase A2, kimeng'enya kinachoanzisha mlolongo wa uvimbe. Ni ushahidi mzuri wa maabara. Bado si ruhusa ya kunywa, kwani saponini hukera tumbo na zikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu.

## Binadamu: hapa mlango ni mwembamba

Kuwagawia majirani dawa na kuandika waliopona si utafiti, na pia ni hatari kisheria. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka yenyewe. Mgonjwa huja kwa mganga siku mbaya zaidi, na wiki ijayo angepata nafuu hata kwa uji. Ndiyo maana panahitajika kundi linganishi, kibali cha Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na kibali cha TMDA kwa jaribio la dawa.

Wengine hutaja kikombe cha Loliondo. Mwaka 2011 maelfu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Wataalamu wa Serikali waliichunguza na kusema kinywaji hicho hakikuonekana kuwa na sumu kwa matumizi yale. Umma ulisikia "inaponya". Wapo waliokuwa na VVU au kisukari wakaacha dawa zao. Matokeo ya usalama hayajibu swali la uponyaji, na aliyepata barua ya usalama asiibandike dukani kana kwamba inalijibu.

Mganga anaweza kufanya jambo halali na la maana bila kibali cha jaribio: kuweka daftari. Umri, tatizo, siku lilipoanza, dawa nyingine anazotumia mgonjwa, kipimo alichopewa, na hali yake siku ya 3, ya 7 na ya 30, ikiwa ni pamoja na waliozidiwa na wasiorudi. Daftari la namna hiyo likiwa na mwaka mmoja huwavutia watafiti kuliko ushuhuda wa sauti kubwa.

## Pa kuanzia, na hofu ya kuibiwa

1. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri, katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au manispaa. Kumwona hakuhitaji nauli ya Dar es Salaam.
2. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Na. 23 ya 2002, linalosajili waganga, vituo na dawa zao.
3. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambayo chimbuko lake ni kitengo cha utafiti kilichoanzishwa 1974, au idara ya tiba asili ya NIMR, Mabibo.

Hofu kwamba "wasomi wataiba dawa" ina sababu zake, na dawa ya hofu hiyo ni karatasi. Kabla ya jina la mti kutajwa, usainiwe mkataba unaoeleza nani mwenye maarifa, jina la nani litaandikwa, faida itagawanywaje, na kama jina la mti linaweza kuchapishwa. Kijiji au ukoo unaomiliki maarifa kwa pamoja usaini kwa pamoja. Lakini mganga anayetaka dawa ipimwe huku akikataa hata kuonyesha mti hawezi kusaidiwa na maabara yoyote.

## Kwa anayetumia dawa wakati vipimo bado

Asitumie kabisa, hadi azungumze na mtaalamu wa afya: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mwenye ugonjwa wa figo, ini au vidonda vya tumbo, na anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Mwenye kutumia ARV au dawa za presha amwambie daktari anachokunywa, na mhudumu asimkaripie, maana akikaripiwa leo kesho ataficha. Kuchanganya na diklofenaki ili "ziongezeane" hufanya madhara nayo yaongezeane, kwenye tumbo na figo.

Hospitali itangulie dawa yoyote ya miti pale kiungo kimoja kinapovimba ghafla na homa, mguu mmoja unapovimba na kuuma kwenye kigimbi, mtoto mwenye selimundu anapovimba mikono au miguu, au uvimbe unapofika usoni na pumzi ikabana. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au kupungua, kinyesi cheusi kama lami: dawa isimamishwe siku hiyohiyo, na kopo lenyewe, pamoja na unga uliobaki, liende na mgonjwa kituoni. Mhudumu hujaza fomu ya TMDA ya madhara ya dawa, ambayo inazihusu pia dawa za asili, na unga ule ndio utakaopelekwa kupimwa.